Vichwa vya Samaki Chini ya Nyanya

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, mbweha alikuwa ameifukua miche ya nyanya ya fundi cherehani mmoja. Fundi aliirudisha ardhini huku akimtukana mnyama huyo matusi yote aliyoyajua, mpaka kidole chake kikagusa kichwa cha samaki. Tangu lini mbweha akafukia samaki?

“Ni mimi, mwanangu,” mama mkwe wake, muuza samaki, alisema mlangoni kwa aibu. “Ulilalamika udongo umechoka, nikaona niurutubishe.”

Hasira zikamwishia palepale. Miaka minne ya ndoa alidhani mama huyu hampendi, kumbe alikuwa akipiga magoti kwenye tope kwa ajili yake.

“Asante, mama,” alisema, akaenda kuchukua waya wa kuzungushia bustani. “Wewe endelea kulisha nyanya. Mbweha niachie mimi.”