Inchi Thelathini na Mbili za Sabra

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Hadija alikuwa amesimama katika duka la Goodluck karibu na soko kuu la Mtwara, ameshika rimoti ya televisheni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa imemwonyesha binti yake Sabra kuanzia magotini kwenda chini, akipiga deki sakafu ya vigae vya kijani, kisha picha ikaganda na kiduara kikaanza kuzunguka. Ya pili ilimwonyesha Sabra mwili wote, lakini akiwa wa rangi ya zambarau. Goodluck aliomba radhi kwa zote mbili. Alisema seti za bei ile zina akili ndogo, na mtu akiwa mbali kama Uarabuni zinachoka njiani.

Televisheni za Mtwara zilikuwa na tabia hiyo kwa mwaka wa tatu sasa. Ukishika rimoti, kabla ya taarifa ya habari na kabla ya tamthilia za Kituruki, inakuja kwanza picha ya mtu wako aliye mbali, hapo alipo, na lile analolifanya saa hiyo. Mafundi walilaumu chumvi ya bahari. Masheikh waliulizwa, wakajibu kwamba hakuna ubaya ilimradi mtu asiangaliwe akioga. Wenye maduka waliongeza tu neno kwenye makaratasi waliyobandika juu ya vioo: inchi thelathini na mbili, tundu moja la USB, inaonyesha ndugu. Mji ukazoea, kama ulivyozoea umeme kukatika wakati wa kupiga pasi.

Sabra alikuwa ameondoka nyumbani kwao Likombe miaka mitatu na miezi minne iliyopita kwenda kufanya kazi za ndani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Kila mwisho wa mwezi simu iliita, na Sabra akasema, "Mimi mzima, mama, wazima huko?" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na kabla Hadija hajauliza la pili simu ilikuwa imeshakatwa. Hadija hakuwa mjinga. Alijua mtu aliye mzima hakuambii kila mwezi kwamba ni mzima. Alitaka amwone kwa macho yake mwenyewe, na kama hali ni mbaya, amrudishe nyumbani. Kwa hiyo wenzake walipolipwa pesa za korosho wakanunua mabati na pikipiki na kuchinja mbuzi wasio na kosa, yeye alikula mihogo chukuchuku, akazifunga za kwake kwenye pindo la khanga.

Dukani alikuja na kaka yake Jumanne, kwa sababu katika ukoo wao mwanamke hanunui kitu kikubwa bila kaka yake kukiona, na mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Baba wa mabinti zake wawili alikuwa Newala na mke mwingine, lakini hata angekuwa amekaa pale pale sebuleni, fomu ya Sabra ingesainiwa na Jumanne. Wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni alipoileta fomu hiyo, ikiwa na mstari wa mlezi, hakuna aliyejiuliza nani wa kuujaza. Jumanne alivaa kanzu, akaandika majina yake matatu bila haraka, na watu wakala pilau.

Juu ya televisheni, Hadija alikuwa ameshapata ushauri. Wiki moja kabla alikwenda Magomeni ya pale pale mjini kwa fundi Mustafa, mtu wa maneno machache ambaye ametengeneza nusu ya televisheni za mji ule, akamuuliza aina gani ya kuaminika kwa mtu wa uwezo mdogo. Mustafa alimwambia asidanganywe na ukubwa wa kioo wala jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Aangalie kama spea zinapatikana hapa hapa, kama seti inastahimili umeme unaopanda na kushuka, na kama waranti ina mhuri wa duka au ni maneno ya mdomoni. Kisha akasema kwa pesa zile zipo aina mbili tu za kufikiria, Almasi na Zentaro. Almasi ni kubwa na inapendeza. Zentaro ni ndogo, na haijawahi kurudi kwake kwa ubovu.

"Wenye Almasi wanalala vizuri," alisema Mustafa. "Wenye Zentaro wananifuata kuuliza kama kuna namna ya kuipunguza."

Televisheni ya tatu ndiyo Almasi, inchi arobaini na tatu. Hadija alipobonyeza, Sabra alitokea amekaa kwenye kochi jeupe, amenenepa kidogo, uso unang'aa, anakunywa juisi na kutabasamu. Jumanne alisema alhamdulillahi kwa sauti, hata wateja wengine wakageuka. Alimwuliza dada yake alikuwa anakosa usingizi wa nini miezi yote hiyo. Hadija aliendelea kumtazama mwanawe. Sabra alikunywa juisi, akameza, akanywa tena, na juisi kwenye glasi haikupungua. Hadija akairudisha rimoti na kuomba ile nyingine.

Zentaro haikuchukua muda. Sabra alikuwa amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, mbele ya rundo la nguo lililomfika kifuani. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kipande cha khanga aliyoondoka nayo Likombe, na alipiga pasi kwa wa kulia, akiubana mkono mwingine kwapani. Mlango nyuma yake haukuwa na kitasa kwa upande wa ndani. Picha ilikuwa safi kabisa, unaweza kuhesabu vifungo vya mashati.

Hadija aliuliza kama rangi zinarekebishika. Goodluck, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifungua menyu na kumpitisha kwenye zote: ya kawaida, angavu, ya sinema, ya michezo. Katika ya sinema chumba kilikuwa cha manjano kidogo. Mkono ulikuwa umefungwa katika zote nne.

"Aina hii ndivyo ilivyo, mama," alisema Goodluck. "Hawakuweka mahali pa kupunguza hilo."

Jumanne alimkumbusha dada yake kwamba kwa pesa ile ile anaweza kuondoka na kioo kikubwa zaidi, na kwamba sebule ina heshima yake. Alisema pia kwamba vitu vidogo huonyesha mambo vibaya, hilo linajulikana. Hadija alikuwa na miaka arobaini na saba, na hajawahi kumpinga kaka yake mbele za watu. Akafungua pindo la khanga. "Nachukua hii, kaka," akasema. Wakarudi Likombe kwa bajaji, boksi likiwa katikati yao.

Mustafa alikuja kuifunga ukutani. Husna, mdogo wake Sabra, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha kuifunika, lakini kitambaa kile kilikaa juu ya kabati, kwa sababu Hadija hakuizima ila umeme ulipojizimia wenyewe. Alijifunza nyumba ile ya ugenini kona kwa kona. Ilikuwa ya chini, haina ngazi, vigae vya kijani kila chumba, na dirisha la jikoni limetazama ukuta. Sabra aliamka alfajiri na kula akiwa amesimama. Alipomenya vitunguu, Hadija alitafuta vitunguu vyake akamenya, na Sabra alipoosha vyombo mama yake aliosha vile vile ambavyo vilikuwa safi. Kile kipande cha khanga mkononi kilibadilishwa mara moja katika wiki tatu. Majirani walikuja, wakakaa, wakasema pole, wakamtazama Sabra kwa adabu kwa dakika kumi nzima, halafu mmoja akauliza kwa upole kama inawezekana sasa kuweka tamthilia.

Wiki ya nne Hadija aliishusha televisheni ukutani, akaifunga kwa shuka, akapanda bajaji hadi kwenye ofisi inayoshughulikia watu walio kazini nje. Alipokelewa na dada mmoja anaitwa Theresia, ambaye alisogeza mafaili na kutafuta soketi mwenyewe. Hadija alishika rimoti. Sabra alikuwa anaosha madirisha kwa mkono mmoja, na mama mwenye nyumba amesimama nyuma yake akimwonyesha alipopasahau. Theresia aliangalia kwa muda mrefu kuliko ofisa yeyote anavyotakiwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akafungua faili la Sabra kwenye kompyuta.

"Mama, hili ninaloliona naliamini," alisema. "Lakini ombi la kumrudisha mtu linaandikwa na yule aliyesaini kumpeleka. Mfumo hauna nafasi ya mama."

Hadija aliuliza kama nafasi hiyo haiwezi kuongezwa. Theresia alisema wameshaandika barua mara mbili kuomba iongezwe. Alitoa fomu, akaweka alama ya penseli mahali pa saini ya Jumanne, na akamsaidia Hadija kuibeba televisheni mpaka nje. Walipofika kwenye bajaji alimwambia kwamba na yeye nyumbani ana Zentaro, kisha akarudi ndani.

Jumanne alikuja baada ya sala ya alasiri. Hadija alimpa rimoti, na kwa kuwa Sabra ni wa mjomba, alitokea yeye yule, anapiga pasi. Jumanne alimtazama hadi nguo za rundo zikaisha na rundo jingine likaletwa. Fomu ilikuwa kwenye mkeka, na kalamu juu yake. Kuna wakati mkono wake ulifika kwenye kalamu.

"Anafanya kazi," alisema mwishowe. "Nilisaini kwamba atafanya kazi."

"Mwangalie mkono, kaka."

"Nimeuona. Nikisaini karatasi hii, Hadija, nimesema mbele ya ukoo mzima kwamba nilimuuza. Mjomba hauzi."

Sauti yake ilikuwa imelegea, na Hadija akamwonea huruma, jambo ambalo lilimkasirisha mwenyewe. Jumanne aliikunja fomu mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akasema ataifikiria. Aliifikiria kwa uaminifu. Kila Ijumaa Hadija alimpelekea mihogo ya nazi na kumuuliza, na kila Ijumaa bado alikuwa anafikiria. Mikorosho ilitoa maua akiwa anafikiria.

Husna muda wote huo alikaa mkekani, akaangalia mlango ule usio na kitasa zaidi kuliko alivyomwangalia dada yake. Siku wakala aliporudi Likombe na fomu mpya, akitafuta wasichana, Husna alikwenda kwa mjomba wake kwa miguu, peke yake, na kumwomba amsainie. Wakala alikuwa ameahidi kwamba atapelekwa nyumba ile ile, kwa kuwa mama mwenye nyumba anataka wa pili. Fomu hii haikuwa na aibu yoyote ndani yake, na Jumanne akavaa kanzu siku hiyo hiyo.

"Mama, ule mlango unafunguliwa kwa nje," Husna alisema, akikunja khanga zake. "Bora tuwe wawili."

Hadija alisema hapana. Alisema asubuhi, akasema mchana mbele ya kaka yake, akasema jioni mbele ya wazee wa ukoo, akalia wazi wazi bila kujifunika uso. Wote walimsikiliza kwa heshima. Wakamwambia uchungu wa mama unaeleweka, na kwamba saini imeshatiwa. Watu walikula pilau, na Hadija ndiye aliyeipika, maana wageni hawawezi kukaa na njaa.

Husna aliondoka Alhamisi. Jumamosi adhuhuri Hadija aliweka kigoda mbele ya televisheni, akashika rimoti, akabonyeza. Kioo kiligawanyika katikati kwa mstari mweusi, wima, mwembamba kama uzi wa cherehani. Kushoto alikuwa Sabra, amepiga magoti kwenye vigae vya kijani. Kulia alikuwa Husna, ameshika ndoo, chini ya ngazi ndefu za mbao, na mkono wa mtu ambaye haonekani ulikuwa unamwelekeza aanzie ngazi ya juu. Hadija alizitafuta ngazi hizo katika nyumba yote aliyoijua kwa miezi mingi. Hazikuwepo.

Akamwita Mustafa. Fundi alikuja na bisibisi na mita yake, akafungua nyuma, akapima umeme, akapuliza vumbi, akafunga. Alirudi mbele, akapitisha kidole juu ya ule mstari mweusi kutoka juu hadi chini, kisha akakaa kidogo kwenye mkeka na kuwatazama mabinti wote wawili.

Alisema seti haina hitilafu. Nyumba ni mbili, na mstari upo panapostahili kuwa. Aina nyingine, alisema, ingewaonyesha wakiwa jiko moja. Alikataa malipo, akamwambia Hadija kwamba ikitunzwa dhidi ya radi itadumu miaka kumi au zaidi, akatafuta viatu vyake mlangoni.

Hadija alimshukuru, akasogeza kigoda karibu zaidi mpaka goti likagusa ukuta. Aliwaita kwa majina, mkubwa kwanza, halafu mdogo. Kila mmoja upande wake alikuwa anakamua tambara. Akawaita tena, kwa sauti ya kuwaita watoto waje kula. Walilikamua tambara mpaka maji yakaisha, wakainama wote wawili, wakaendelea kufuta.