Sentimita Mia Moja Ishirini na Moja

Mwaka 2000 komanda wa waasi alinichukulia mashine ya kupimia tansiyo, yaani shinikizo la damu. Aliingia kituo chetu cha afya hapa Butembo akiwa mzima kabisa, nikamfunga mkanda wake mkononi nimpime, akapendezwa na ule mpira unavyojaa pumzi, akaondoka nao. Alisema jeshi linauhitaji. Jeshi gani linapigana vita kwa tansiyo, mimi sijui, na kwa kuwa alikuwa na bunduki sikuuliza.

Nikabaki na metre ya fundi cherehani na karatasi ya semina. Karatasi ilisema mafuta yakijikusanya tumboni, tansiyo haiko mbali. Mwanamume akizidi sentimita 102 kiunoni, yuko hatarini. Basi nikaanza kuwapima wanaume viuno. Aliyezidi nilimwandikia namba yake kwenye fishi, kadi yake ya matibabu, kwa kalamu nyekundu, nikapiga muhuri, nikamwambia apunguze chumvi na mafuta, tena atembee.

Nilikuwa nimesahau niko mji gani. Hapa mfanyabiashara asiye na tumbo haaminiwi hata na mkewe. Waliichukua namba yangu nyekundu kama diploma. Baada ya misa walisimama nje ya kanisa wakilinganisha fishi, na mwalimu mmoja mwenye 86 alinibembeleza nimwongezee kidogo, kwa heshima ya kazi yake. Aliyewashinda wote ni shemeji yangu Ézéchiel, mume wa dada yangu Kaswera: 121.

Ézéchiel alikuwa akipeleka maharage Mbau na kurudi na mawese. Kwenye kizuizi cha barabarani, baada ya Beni, askari wa waasi walimtafuta Mayi-Mayi, adui yao wa porini, katika kila mtu mwembamba. Siku moja walimtaka karatasi, naye kwa haraka akatoa fishi yangu. Askari akasoma namba, akaona muhuri, akamtazama tumbo.

“Papa, pita! Mutu ya tumbo hii hawezi kukimbia mu pori.”

Tangu siku hiyo alipita bila kusimamishwa. Jirani yake Lusenge, mkondefu wa kuzaliwa, alifungwa kamba pale siku tatu.

Mwezi wa sita Kaswera aliniita. Nilimkuta Ézéchiel ameinama, ameshika kisogo. Kichwa kilimuuma kila asubuhi, na macho yalikuwa yanaona ukungu. Niliogopa sana. Baba yetu alianza hivyo hivyo, kisha akaanguka katikati ya mihogo yake.

“Shemeki, punguza hii tumbo,” nikamwambia. “Itakuua.”

“Mais Hulda, hii tumbo njo karatasi yangu ya njia! Ikiisha, nitapita na nini? Umesahau vile balimufunga Lusenge?”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Kaswera ndiye aliyepata dawa. “Acha akonde,” alisema. “Tumbo ingine nitamushonea mimi.”

Akashona mkanda mpana wa kitenge, akaujaza pamba ya godoro kuukuu. Ézéchiel akala maharage bila mafuta, akapanda kilima kwa miguu, akanilaani kila siku. Barabarani alivaa 121 zake. Nyumbani alizivua na kuzitundika ukutani. Kufika mwezi wa kumi kiuno chake halisi kilikuwa 104, na kichwa hakikuuma tena. Kaswera aliimba akifua nguo. Nami, niseme ukweli, nilijiona daktari mkubwa.

Lakini fishi zilizidi kuwa nyingi kule kizuizini. Yule mwalimu wa 86 alijinunulia kalamu nyekundu, akajipa 115. Askari si wajinga. Wakatafuta metre yao. Wa kwanza kupimwa akawa Ézéchiel. Wakamwinulia shati, godoro likaanguka chini.

“Fishi inasema mia moja makumi mbili na moja,” askari akasema. “Hapa iko mia moja na ine. Donc, ile ingine kumi na saba uliiacha wapi?”

Ézéchiel akasema aliiacha kwa sababu ya tansiyo. Walicheka mpaka wakachoka, halafu wakampiga. Kwa akili yao, mtu hukonda namna hiyo kwa kubeba risasi za Mayi-Mayi tu. Walimfunga siku nne, kamba ileile ya Lusenge.

Alirudi kwa miguu. Nilimsafisha vidonda vya mikononi, mkono mmoja, halafu wa pili. Kaswera akaleta maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi kidogo, kama nilivyokuwa nimeagiza. Ézéchiel akaisogeza sahani mbele ya mkewe.

“Kaswera,” akasema, “leta mawese.”

Dada yangu akaniangalia. Nilikuwa na la kumjibu, nilikuwa na karatasi nzima ya semina. Nikaviangalia vile vidonda, nikamsogezea chupa ya mawese. Kaswera akamimina, akilia bila sauti.

“Hulda, nipime,” Ézéchiel akasema, akinyanyua mikono iliyofungwa bandeji. “Uniambie imebakia ngapi.”

Nikamzungushia metre. Mia moja na moja: kiuno kizuri kuliko vyote nilivyopima mwaka ule.

“Bado makumi mbili ifike ile ya fishi,” nikamwambia, na Kaswera akaongeza kijiko.