Than Huachwa Mlangoni na Viatu

Usiku wa jana Mwalimu Stumai aliota anafundisha darasa la tano, na wanafunzi wote wamekwenda nyumbani wakaacha masikio yao juu ya madawati. Hakushangaa. Amefundisha Kiingereza miaka mingi pale Muheza, na masikio matupu bila watoto aliyaona ni nafuu.

Lakini ndoto hiyo ilikuwa na mwanzo wake mchana, na nisipousema nitakuwa nimekudhulumu.

Mchana alikuwa akifundisha tofauti ya older na elder. Aliwaambia watoto kwamba older hutumika kwa kila kitu na kila mtu: mbuzi, nyumba, jirani. Elder ni ya watu wa ukoo mmoja. Tena older hupenda kutembea na than, ambayo kwetu ni "kuliko", lakini elder haitaki than hata kuisikia. Watoto wakaimba hayo kwa pamoja, wakaimba tena, na mwalimu akaanza kupangusa ubao. Ndipo binti mmoja wa dawati la mbele, Mchasu, akanyoosha kidole. Alisema yeye ana shangazi anayesoma chekechea. Je, huyo naye ni elder?

Darasa zima likacheka. Mwalimu Stumai hakucheka. Alisema lile ambalo walimu wote husema wakibanwa, kwamba swali ni zuri na litajibiwa kesho.

Alibanwa kwa sababu naye ana shangazi wa namna hiyo. Babu yake mzaa baba alioa tena uzeeni, akamzaa Semeni wakati Stumai ni msichana wa kuteka maji. Kwa hiyo Semeni ni dada wa marehemu baba yake, shangazi wa damu, na Stumai ndiye aliyembeba mgongoni, akamfunga nepi, baadaye akamfundisha darasa la tatu na kumgonga rula kwa kutojua jedwali la saba. Mtu kama huyo umwamkie shikamoo? Stumai humwita Semeni, basi, na akipishana naye sokoni hujitia hamnazo.

Zamani haikumuuma mtu. Siku hizi Semeni ni mke wa mtu, anakaa na mumewe katika nyumba ya babu ng'ambo ya reli, na ndiye shangazi pekee aliyebaki. Nao washenga wa Bwana Mhando, fundi majokofu wa Korogwe, wanaleta posa ya Stumai Jumamosi hii. Kwao posa hupokelewa na shangazi. Ndiye humwuliza binti, ndiye hutoa jibu, na asipokaa mkekani washenga hunywa chai wakarudi walikotoka. Stumai amemsubiri Mhando kwa miaka ambayo sitaitaja, maana ni mwalimu wangu. Semeni akatuma neno kwamba hapokei posa ya mtu asiyemwamkia. Stumai akamrudishia jibu kwamba yeye ni mkubwa kuliko Semeni, na hilo halina mjadala.

Akavua viatu vyake vya shule, vile vya ngozi vyenye kifungo cha shaba, akavisukuma chini ya kitanda na kulala na hasira zake.

Sasa yuko darasani. Anachukua chaki ili aanze somo, na chaki inamwomba asubiri kidogo kwa sababu bado haijamwamkia dasta.

"Shikamoo," chaki inasema.

"Marahaba," dasta anajibu, kisha anageuka kuwaamkia madawati. Madawati yanawaamkia madirisha. Madirisha yanauamkia ubao. Masikio hayana midomo, kwa hiyo yanasikiliza tu. Salamu zinazunguka darasa lote polepole, na Stumai anatazama saa ya ukutani, ambayo imesimama kwa heshima kuungoja mlango uamkiwe.

Anaona kipindi kitakwisha hajafundisha neno. Anakwenda mlangoni atoke, lakini mlango umejifunga. Mlango huo ulitoka katika shule ya zamani ya wamisheni na una miaka kupita walimu wote. Stumai anaelewa kinachotakiwa, na kwa mlango hana kinyongo.

"Shikamoo."

"Marahaba," mlango unajibu. "Umelalaje?"

Stumai anajibu kwamba bado amelala. Mlango unasema vizuri, na unafunguka.

Nje hakuna uwanja wa shule. Kuna soko la machungwa, na katikati ya machungwa ameketi mwanamume mrefu mwembamba mwenye mizani. Kando yake yuko mtu mfupi mwenye mikono mirefu isiyolingana na mwili. Mkono mmoja umemshika mama muuza machungwa, mwingine umemshika mbuzi. Mbuzi akijinasua, yule mtu mfupi huanguka chini, na hubaki pale mpaka apate wa kumshika upande ule.

Mwembamba anajitambulisha kuwa ni Older. Huyu mfupi ni Than, msaidizi wake, hawezi kusimama bila mtu huku na mtu kule. Wao kazi yao ni kupima umri. Hawabagui. Asubuhi wamepima daraja na kobe, na kobe ameondoka na furaha yake.

Mwalimu Stumai anaiona bahati imemwangukia. Anaeleza shauri lake tangu nepi hadi rula, na anaomba apimwe na Semeni. Older hana maneno mengi. Anachukua chungwa dogo la kijani kutoka kwenye fungu, na lile chungwa lina uso wa Semeni, hata kile kidoti cha shavuni. Analiweka upande mmoja. Stumai anapanda upande wa pili na Than anawashika wote wawili. Mizani inashuka upande wa Stumai kwa kishindo, na wanunuzi wanapiga makofi.

Stumai anajisikia vizuri sana. Amesema siku zote. Anashuka, anajifunga khanga vizuri, na anamwambia Older aliamuru lile chungwa limwamkie.

"Mimi sihusiki na salamu," Older anasema. "Mimi napima tu. Salamu ni za Elder."

"Elder yuko wapi?"

"Nyumbani kwenu. Yeye hatoki."

Than tayari amemshika Stumai mkono kwa nguvu, na mkono wake wa pili umelishika lile chungwa. Wanakwenda hivyo hivyo watatu, na kabla hawajavuka fungu la pili la machungwa soko limekwisha, na wako mbele ya nyumba ya babu ng'ambo ya reli.

Mlangoni kuna sauti inayotoka ndani, nyembamba lakini ya mwenye nyumba. Inasema viatu viachwe nje, na Than aachwe na viatu.

Than anapinga. Anasema atamwachaje mwalimu wakati mwalimu hawezi kusema neno bila yeye? Stumai naye angependa aingie na msaidizi wake, lakini kwao mtu habishani na sauti ya ndani. Anavua viatu vyake vya ngozi, anavipanga vizuri kando ya kizingiti, na anamkalisha Than katikati yavyo. Than anashika kiatu kimoja kwa mkono huu na kimoja kwa mkono ule, anatulia. Lile chungwa linadunda na kuingia ndani kabla yake.

Sebuleni washenga wa Mhando wamekaa ukutani. Wamengoja mpaka chai imeota ukungu, na mmoja wao ameanza kuota majani ya mchungwa begani, lakini kwa adabu hajalalamika. Katikati kuna mkeka wa babu. Juu ya mkeka ameketi Semeni, si chungwa tena, amejitanda khanga. Na juu ya kigoda cha babu ameketi mtoto mchanga, hana jino hata moja, amevaa kofia ya kiua na nepi.

"Elder?" Stumai anauliza.

Mtoto anaitikia kwa kichwa. Washenga wanatazamana, kwa sababu wao si wa ukoo na kigoda wanakiona kitupu.

Stumai anaweka mashitaka yake. Anasema yeye ni mkubwa ku. Anajaribu tena. Yeye ni mkubwa ku. Neno limebaki mlangoni na viatu. Mshenga mmoja, mtu mwema, anajaribu kumsaidia kwa methali, anasema damu ni nzito ku, naye anakwama, anakunywa chai yenye ukungu kuficha aibu.

"Mimi nimemfunga nepi huyu," Stumai anasema mwishowe, maana hilo halihitaji Than.

"Hata mimi nimefungwa nepi," Elder anasema, na anaionyesha. "Ilikuzuia kuniita kwa jina langu?"

Elder anamwuliza Stumai baba yake yuko wapi. Anajibu kwamba alifariki, mwaka wa tatu huu. Elder anauliza ni nani aliyesema hivyo. Kisha anamtazama Semeni, na Semeni anasafisha koo.

Lilikuwa koo la baba yake Stumai. Marehemu hakuwahi kuitikia salamu kabla ya kusafisha koo mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi kifuani mwake. Asubuhi zote za utoto wake Stumai alisema shikamoo akasimama kungoja kikohozi kile, na ndipo siku ilipoanza. Tangu baba azikwe hakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia shikamoo. Amebaki mkubwa peke yake, na alidhani huo ndio ukubwa. Kumbe ulikuwa upweke, na ulimuuma, ila hakuwa amepata nafasi ya kuutazama.

"Shangazi ni baba," Elder anasema. "Baba aliyevaa khanga. Wewe ulidhani unamnyima nani?"

Stumai anapiga magoti mkekani. Mkeka una tundu, na goti lake moja linaingia ndani ya tundu hilo, lakini hajali. Anasema kwa sauti ambayo hajaitumia miaka mitatu.

"Shikamoo, shangazi."

Semeni anafungua kinywa kuitikia, na hapo hapo jogoo wa jirani akawika, Mwalimu Stumai akaamka.

Alikasirika kidogo, kwa sababu mtu akisema shikamoo na asiitikiwe hubaki nayo mkononi siku nzima. Kisha akajiambia ni ndoto tu, matokeo ya kula mihogo usiku. Akaoga. Wakati wa kujipaka mafuta akapata jibu la Mchasu: huyo shangazi wa chekechea aitwe shangazi, na aamkiwe kila asubuhi, hata kama anatoka makamasi. Mambo ya nani ana miaka mingi yaachiwe mbuzi na madaraja. Aliona ni jibu zuri, ingawa mtaala haukulisema.

Alipoinama kuvuta viatu chini ya kitanda, hakuvikuta. Akatafuta nyuma ya mlango, jikoni, chini ya meza. Alijua fika alikoviweka. Alikuwa anakaribia kwenda kazini na kandambili, jambo ambalo mwalimu mkuu hulichukulia kama uhalifu, aliposikia hodi.

Semeni alikuwa amesimama kizingitini na furushi la gazeti. Hakuwa amefika nyumba ile tangu matanga ya kaka yake. Hakusalimia, na kwa haki hakupaswa kuanza yeye. Alilifungua gazeti, na ndani yake mlikuwa na viatu vya ngozi vyenye kifungo cha shaba.

"Hivi tumevikuta mlangoni kwetu alfajiri," alisema. "Vimepangwa vizuri. Mume wangu karuka, kadhani tuna mgeni ndani."

Stumai alivipokea. Vilikuwa vimebonyea katikati, kila kimoja na alama ya vidole kwenye ngozi, kana kwamba vilishikwa usiku kucha na mtu aliyeogopa kuanguka. Alimtazama Semeni, na kile kidoti cha shavuni, na kwa mara ya kwanza hakumtafuta mtoto aliyekuwa mgongoni kwake. Hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

Semeni alisafisha koo mara mbili, polepole, na Stumai akashika mwimo wa mlango.

"Marahaba," Semeni alisema. "Jumamosi nitakuja mapema na ule mkeka wa babu, una tundu, lazima nilishone kwanza."

Akageuka kwenda zake. Alipofika barabarani akasimama, akarudi hatua chache ili asipaze sauti mbele za majirani.

"Na marahaba nyingine," alisema. "Hiyo ni ya usiku. Uliondoka kabla sijakuitikia."