Vitambaa vya Verna

Verna Stokes alipima vijiko vinne vya mafuta ya watoto, kimoja cha mafuta ya nyonyo, kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, matone machache ya shampuu na chumvi kidogo, akavitia vyote katika chupa ya soda na kuitikisa mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Ilikuwa Jumatatu, baada ya onyesho la mwisho, katika chumba cha kuvalia cha chemchemi ya Tallow Creek, Florida. Hapo wanawake sita, Verna mmoja wao, walivaa mikia ya samaki wakawa nguva, wakaogelea nyuma ya kioo kikubwa huku watalii wakiwatazama kutoka upande mkavu.

Hiyo ilikuwa chupa ya kumi na moja ya kujaribu. Wanja wao haukutoka kwa maji, na ndiyo sababu waliupaka. Shida ni kwamba haukutoka kwa sabuni pia. Mafuta ya nguruwe yaliutoa, ila yaliacha utando machoni, na nguva asiyeona vizuri hauoni mpira wa hewa, ule mrija wa kupumulia chini ya maji. Kila wawili walikuwa na mpira mmoja. Unavuta pumzi, unampa mwenzako, unatabasamu, unangoja akurudishie. Kwa miaka kumi na miwili Verna alikuwa akiupokea kutoka mkononi mwa Maxine Odom.

"Shoga, hiyo ikinipofusha nitakula nawe sahani moja," Maxine alisema.

"Funga macho, na domo pia."

Kitambaa cha flaneli kilipita mara moja tu. Wanja, nyusi za kuchora na rangi ya mdomo vilihamia kitambaani, kila kimoja mahali pake, na ngozi ya Maxine ikabaki safi, haina hata chembe ya mafuta.

"Mwenzangu, umeweza! Wafute na hao wengine."

Verna hakuwa mtu wa kutupa kitambaa kizuri. Asubuhi yake alivifua vyote, akavianika kwenye kamba nyuma ya chumba. Sura hazikutoka. Kufika saa sita mchana, vilipoanza kukauka, vilianza kusema. Kila kimoja kilirudia maneno ambayo mdomo wake ulisema Jumatatu tangu ulipopakwa rangi, kwa sauti ya mwenyewe, bila haraka. Cha Dottie kiliagiza karanga za kuchemsha. Cha Ilene kililalamika kwamba mkia unambana. Mlinzi wa lango alikuja kuomba vipunguze sauti, kwa kuwa watalii walikuwa kwenye foleni.

Cha Maxine kilikuwa kivulini, kikachelewa.

"Bwana Purvis, simsemi Verna vibaya," kilisema, kama kinavyoongea na meneja. "Nampenda kama dada yangu. Lakini pumzi imemwisha. Jana nilimpa mpira mara tatu kabla ya zamu yake. Na ana miaka thelathini na sita sasa, kioo hakifichi kitu. Binti wa dada yangu ana kumi na tisa, na anaogelea kama samaki."

Kilipofika mwisho, kikaanza upya.

Verna alisikiliza kibanio kikiwa mkononi. Jumapili ile Maxine alikuwa na kifua, anakohoa tangu asubuhi. Verna ndiye aliyempa mpira mara tatu, akabaki chini ya maji akitabasamu mpaka masikio yakavuma, na hakumwambia mtu.

Alikianua kitambaa, akakiweka mezani mbele ya Maxine aliyekuwa akila mkate na jibini. Kilisema yote mpaka mwisho.

"Ni sauti yangu hiyo," Maxine alisema. "Kwani wewe una thelathini na nne, siyo? Hapo nilikosea."

"Mpira nilikupa mimi, Maxine. Nikanyamaza usije ukafukuzwa."

"Najua, shoga. Ndiyo maana nilijua hata sasa hutasema."

Akafuta makombo mapajani, akaenda kuvaa mkia. Kitambaa kilikuwa bado kibichi, Verna akakirudisha kambani.

Jumatano, Verna alipokwisha kujipaka rangi kama kawaida, Bwana Purvis alimwita ofisini. Verna alisema, safari hii. Alieleza habari ya kifua na ya mpira. Bwana Purvis alimsikiliza kwa adabu.

"Verna, mama, hata kitambaa kimesema," alijibu. "Nimekisikia dirishani jana mchana kutwa, na hakijabadilisha neno. Wewe ndiyo kwanza nakusikia leo." Badala ya kuogelea, alimpa kazi ya kutengeneza dawa ya kufutia na kuwafuta wenzake. Maxine alikuwa amesimama mlangoni na yule binti, Lurlene, msichana mwembamba mwenye haya.

Jioni Verna alifuta nyuso sita. Wa saba ulikuwa wake, ambao siku hiyo haukugusa maji. Alhamisi akaanika vitambaa saba.

Saa sita mchana, kitambaa chake kilisema mara moja tu habari ya kifua. Baada ya hapo kikashika maneno mengine, aliyokuwa ameyasema jana kutwa, nayo ndiyo kikayarudia mpaka jua likazama: "Hamna neno, Bwana Purvis. Hamna neno, Maxine. Lurlene, mama, njoo nikupime. Mkia wangu nitakupunguzia kiunoni mwenyewe."

Verna alikigeuza upande wa pili kikauke sawasawa, akaingia ndani kutikisa chupa.