Ua la Bi Garrod

Kila mwaka mwezi wa Juni kanisa letu huweka meza ya mimea nje ya lango, na mimi na Brenda Smy ndio tunaoisimamia, maana wenzetu ama wana magoti mabaya kuliko yetu ama hawajui kutofautisha mche na gugu. Mimea tunaitia kwenye vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini kwa msumari wa moto, na mnunuzi hutumbukiza anachopenda kwenye bati la biskuti.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mvua ilituaga wakati wa Pasaka haikurudi, na watu wa maji walikuwa wameshapiga marufuku mipira ya kumwagilia. Udongo wetu huku ni mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo asubuhi, saa sita huwezi hata kuonyesha ulipoimwaga.

Basi akaja mwanamke kijana, kajifunga kitambaa kichwani, viganja vimejaa malengelenge.

"Samahani, akina mama. Natafuta mimea isiyokufa."

"Hata sisi tunaitafuta," Brenda akamjibu. "Ukiipata tuletee, tujipandie wenyewe."

Akacheka, akatuambia jina lake ni Tamsin, kahamia kutoka London wakati wa baridi. Alikuwa amenunua yale maua marefu ya buluu anayoyaona kwenye picha za nyumba za kijijini, na yote yalikuwa yamelala chini kama walevi. Nusu ya wiki yuko mjini kikazi. Alitaka mimea ya kudumu, ife baridi ikija lakini irudi yenyewe, na isimlilie maji kila jioni.

"Bustani yenyewe iko wapi?" nikamuuliza.

"Mwisho wa kichochoro cha chini. Ile nyumba yenye bomba la moshi lililoinama."

Brenda akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nyumba ile niliishi mimi, tangu nilipoolewa na Cyril. Tulikuwa wapangaji wa mwenye shamba. Cyril alipofariki, mwenye shamba akaiuza, nami nikapewa chumba na jiko kwenye nyumba za wazee huku juu karibu na posta, na ua wa saruji unaotosha kamba ya nguo. Nilihama mwezi wa Februari, theluji imefunika kila kitu. Kitu kimoja tu ndicho nilichotaka kutoka bustanini, ua moja dogo lililoota chini ya dirisha la chumba cha kulala. Lakini ardhi ilikuwa ngumu kama sinia, na mkwe wangu alikuwa barabarani anapiga honi ya lori.

Ua lenyewe ni jeupe, lina jicho jekundu lililoiva, na majani yake ni membamba, ya kijivu. Linanukia karafuu hasa, karafuu ya kwenye mkebe. Kijijini kwetu kila mmea huitwa kwa jina la mtu ambaye ulitoka kwake, na huu tuliuita Bi Garrod. Jumapili Cyril alichomeka moja kwenye koti lake. Kiangazi tulilala dirisha wazi, harufu ikaingia na kukaa na sisi mle ndani. Hata sasa nalala dirisha wazi. Kinachoingia ni moshi wa basi.

Yote hayo sikumwambia Tamsin. Niliona nikimwambia atanihurumia, atanikaribisha siku moja, anitembeze bustanini kama mgeni, anionyeshe mti nilioupanda kwa mkono wangu. Nikaona heri nimchagulie mimea tu.

"Ukutani, kwenye jua, weka lavenda. Iachie nafasi, isibanane. Mbele yake haya, tunayaita masikio ya kondoo. Shika uone."

Akalisugua jani kwa kidole gumba, akatabasamu.

"Manyoya yake ndiyo mwavuli wake wa jua. Jani likiwa la kijivu au lenye manyoya, au nono kama hili hapa, jua kwamba limezoea shida. Mnanaa wa paka utamwagikia njiani, uache umwagike. Mbigili huu wa pwani mpe pale pabaya kabisa, penye kokoto. Lakini kona ya nyuma, palipokuwa na banda la nguruwe, usiweke hata mmoja. Pana rutuba mno, itanenepa na kuanguka."

"Umejuaje kama palikuwa na banda la nguruwe?"

"Nyumba zote za zamani huku zilikuwa nalo," Brenda akadakia haraka.

Tamsin akakumbatia vikopo vyake. "Jamani, asanteni sa..."

"Nyamaza!" tukasema wote wawili.

Akashtuka maskini, nusura avidondoshe. Ikabidi nimweleze kwamba mmea haushukuriwi. Ukiushukuru unakufa. Chukua, tia chochote kwenye bati, ondoka.

"Hata neno moja?"

"Sema jua ni kali leo," Brenda akamwambia.

"Jua ni kali leo," akasema, akaenda zake anacheka.

Brenda akanigeukia. "Mavis Thurlow, umeshindwa nini kumwomba kipande cha Bi Garrod?"

"Nikiomba atanipa. Akinipa bure halitashika, linaloshika ni la kuibwa."

"Basi liibe."

"Kwa magoti haya? Niruke ule ua wa miti?"

"Nitakushikia fimbo," akasema, na tukacheka mpaka mchungaji akaja kuuliza kuna nini.

Wiki kadhaa baadaye nikashuka kichochoroni. Kichochoro kile hakiendi dukani wala kwa daktari, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba nilikuwa napita. Nikasimama penye ule ua wa miti, pale Cyril alipokuwa akiupunguza ili nimwone anaporudi. Lavenda ilikuwa imegeuka manjano. Na Tamsin yuko na ndoo ya maji ya kuogea, anainywesha, na chini ya kila shina kamwaga samadi nyeusi, mbichi, ya kutosha kulimia viazi.

"Unaiua hivyo, mwanangu!"

Akainua kichwa. "Mama wa kanisani! Lakini naipenda. Naipa kila kitu."

"Ndiyo hivyo sasa. Hiyo haitaki kila kitu. Mwaka wa kwanza kinywaji kimoja kizuri kwa wiki, basi, ikatafute yenyewe chini. Hiyo samadi wape mawaridi."

Akaweka ndoo chini, amefadhaika. "Sijui chochote mimi. Afadhali Jumatatu fundi anakuja kutandaza mawe pale chini ya dirisha, niweke meza. Nitakuwa na pa kukalia bila kuua kitu. Nitang'oa tu hizi nyasi za kijivu. Nilizikata kwa mashine mwezi wa Aprili na bado zimerudi."

Nikalishika tawi la ua wa miti likanichoma. Kumbe ndiyo maana hakuliona ua langu likichanua. Alilinyoa mapema, kabla halijatoa hata tumba.

"Hiyo si nyasi," nikasema. "Ni Bi Garrod."

Nikamweleza lile jicho jekundu na harufu ya karafuu. Nikamweleza na dirisha. Nadhani dirisha ndilo lililoniumbua, maana alinitazama kwa muda.

"Wewe ndiye Mavis," akasema. "Nikiagiza kuni wananiuliza, pale kwa Mavis? Postamani vilevile. Tangu nije hapa, hakuna aliyewahi kuiita nyumba yangu."

Akaja akafungua lango. Linalia vilevile, kwa bawaba ya chini.

"Ingia. Chimba lote, uende nalo. Nakupa."

"Usinipe!"

"Haya, sikupi," akasema akiinua mikono. "Sasa tufanyeje?"

Nikamwambia namna ua lile lilivyofika pale. Mama mkwe wangu aliliiba kwa Bi Garrod alipokwenda kumrudishia bakuli. Bi Garrod alikuwa dirishani, akamwona dhahiri, akageuka akaanza kutia ufunguo saa ya ukutani. Akaitia ufunguo mpaka mama mkwe alipotoka langoni. Maisha yao yote hawakulizungumza, na ua likashika kama gugu.

Tamsin akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ngoja nikabandike birika," akasema. "Lile birika huchelewa sana kuchemka. Na dirisha la jikoni linatazama upande mwingine."

"Najua linakotazama, mwanangu."

Akaingia ndani, akaanza kugonganisha vikombe kwa kelele kuliko inavyohitajika.

Basi nikabaki peke yangu chini ya dirisha langu. Lilikuwa limefungwa, na pazia si langu. Nikainama kadiri magoti yalivyokubali. Bi Garrod hakatwi kwa mkasi. Unashika shina kwa mkono mmoja, ncha kwa mwingine, unavuta taratibu, nayo inachomoka kama kalamu kwenye kifuniko chake. Nikachomoa ncha kadhaa, nikazifunga kwenye leso niliyoilowesha nyumbani. Ndiyo, niliilowesha nyumbani.

Nilikuwa na nilichokitaka, na miguu ilikataa kwenda. Nikaufikiria ule ua wangu wa saruji. Nikamwona Bi Garrod ndani ya chungu chini ya kamba ya nguo, ananukia mashuka.

Karibu na lango pana kipande ambapo Cyril alikuwa akimwaga majivu ya jiko, pana mchanga na jua kutwa. Nikapiga magoti hapo. Nikatoboa vishimo kwa kidole, nikazichomeka ncha moja moja, nikazibana.

Tamsin alitoka na vikombe akanikuta bado chini, maana kushuka niliweza, kuinuka ndiyo kazi.

"Nilidhani umeiba."

"Nimeiba."

"Mbona umezipanda hapa hapa?"

"Mwizi haulizwi apelekako mali," nikasema. "Fundi wako hafiki huku. Nipe mkono."

Akaninyanyua. Tukazitazama. Hazikuwa kitu cha kutazamwa, zilikuwa kama sindano zilizosahauliwa na fundi nguo.

"Zinahitaji nini?"

"Maji kidogo mpaka zitoe mizizi, basi. Ila aliyezichomeka lazima aje aziangalie. Akiwa mwingine hazishiki."

"Hilo nalo ni la kijijini?"

"La kijijini," nikasema, ingawa nilikuwa nimelitunga wakati ule ule.

Alijua, nadhani. Akafungua mdomo, nikamwona anataka kusema neno lile, akaliuma. Mimi vilevile nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza na chai.

"Jua ni kali leo," akasema.

"Kali kweli."

Sikulifunga lango nilipotoka, wala hakuja kulifunga.

Kesho yake nilishuka tena kuziangalia. Hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Maua, zikijaliwa, ni mwakani. Nilipindua ndoo yake nikaikalia pale langoni, nikazitazama mpaka kivuli cha bomba la moshi kikanifikia.