Homa ya Kila Mwezi

Baragumu lililia mara tatu gizani, kabla hata sijaiona dari. Lilikuwa likituita ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia mashamba, kuzoa tope. Msaragambo wa Jumamosi, kila mwenye mikono afike.

"Leo sitaweza," mke wangu Jenifer alisema, amejigeuzia ukutani.

"Homa?"

"Homa."

Mwezi wa tatu mfululizo, homa. Nilichukua jembe langu nikatoka bila kumuaga.

Kijijini kwetu asiyefika msaragambo huimbwa wimbo wa kumsuta, na mwimbaji ni mimi. Kutunga sikufundishwa na mtu, na sijawahi kumwogopa yeyote. Lakini mzee Zebedayo, msimamizi wa kazi, aliponiona peke yangu aliinua sauti wote wasikie: "Asheri! Wake za wenzio unawaimba, wako umemfungia kabatini?"

Watu walicheka. Masikio yakaniwaka moto. Basi nikapanda juu ya ukuta wa ndiva, nikautoa wimbo niliokuwa nimeuweka akiba:

"Jembe lipo mlangoni, na mwenyewe kitandani,
Kila mwezi yu homani, ni homa ya nchi gani?"

Walipokea kwa vigelegele. Nyumba yangu iko juu kidogo tu ya ndiva. Hatukuwa tumeurudia mara ya tatu, Jenifer akatokea kwenye kijia, jembe begani, kanga mbili kiunoni. Alinipita kana kwamba mimi ni jiwe. Akashuka, akajaza karai, akapandisha tope. La pili. La tatu. Zebedayo akanikonyeza: "Umeona dawa ya homa?"

Karai la nne lilimwangukia miguuni, naye akalifuata.

Niliruka nikamwinua. Viganja vyangu vililowa. Tope la ndiva ni la kijivu, nalijua tangu utoto. Hili lilikuwa jekundu, na lilikuwa la moto.

Sikumbuki barabara ya kushuka mjini Same. Nakumbuka mama yangu kwenye pikapu akirudia, "Mkwe, fumbua macho," na damu ikitafuta njia katika mifereji ya bodi.

Hospitalini, daktari Sumaiya alitoka na karatasi mkononi. "Damu yake ni tano. Mwanamke mzima anatakiwa awe na kumi na mbili. Alikuwa kitandani muda gani?"

"Daktari, alikuwa anabeba tope."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

Jioni, chupa ya pili ya damu ikimshukia mkononi, Jenifer alianza kueleza. Ni hedhi. Miaka miwili sasa hutoka kwa mabonge, kitambaa hakimalizi saa moja, na usiku hulala juu ya mfuko wa mbolea ili godoro lisichafuke. Miaka miwili! Tunalala chumba kimoja.

"Kwa nini hukuja hospitali?" daktari aliuliza.

"Shangazi yangu alikuwa hivi hivi. Wakamtoa kizazi. Mimi nina mtoto mmoja tu, Agape, na nataka mwingine."

"Nani kakwambia ni kisu tu? Kipimo kimeonyesha uvimbe mdogo kwenye kizazi. Kuna vidonge vya kupunguza damu, unameza siku za hedhi tu, havizuii mimba. Kuna vidonge vya homoni. Kuna kitanzi chenye homoni."

Mama akashtuka. "Kitanzi? Si cha kuzuia watoto hicho?"

"Kinazuia kikiwa ndani, mama, na damu kinapunguza sana. Kikitolewa, anaweza kushika mimba. Na visipofaa vyote hivyo, tunaweza kuutoa uvimbe tukakiacha kizazi. Kukitoa chenyewe ni mwisho kabisa, tena kwa kukubali kwake. Chochote atakachochagua, atameza na vidonge vya madini ya chuma, damu yake irudi."

Jenifer alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni. "Naanza na hivyo vya siku za hedhi," alisema. "Miaka miwili nilikuwa nakiogopa kisu."

Mama na daktari walipotoka, Jenifer aliniuliza, "Ule wimbo uliutunga lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ndiyo hedhi ilianza."

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Jumamosi nitawaambia wote ulikuwa unatoka..."

"Damu yangu usiitaje, Asheri. Ni yangu. Waambie tu sikuwa mvivu. Na uape kwa sauti, kama ulivyoimba."

Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza. Nilisimama.

"Jenifer, Jumamosi nitapanda ukuta uleule na kusema kwamba mke wangu si mvivu, mjinga nilikuwa mimi. Zamu zako za tope nitazibeba mimi hadi utakaponiambia wewe basi. Na kuhusu kizazi chako utaamua wewe mwenyewe, hata kama anayepinga ni mama yangu. Nimekuahidi, na hawa wote wamesikia."