Wimbo wa Kushonea Kola

Tak! Kitufe cha redio ya kaseti kililia gizani, hata jogoo hajasafisha koo. Fundi akawasha taa, akaketi kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akasubiri tarumbeta zianze.

Wimbo ule wa soul, wa zamani kuliko yeye, ndio uliokuwa saa yake ya kazi. Ubeti mmoja, upande mmoja wa kola. Kiitikio, anageuza kona. Wimbo ukiisha, na kola imeisha. Asubuhi hiyo mwenye hoteli angekuja kuchukua mashati ya wahudumu wake, na kola sita zilikuwa bado. Zikikosekana, kazi ya mwaka mzima ingekwenda kwa fundi mwingine.

Ndio wimbo alioingilia ukumbini siku ya harusi yake. Makofi, tarumbeta, ngoma ya kumnyanyua mvivu kitini! Maneno yalikuwa ya kigeni, nani aliyajali? Watu walicheza mpaka viatu vikapotea. Miaka mitano baadaye, kwenye masomo ya jioni ya Kiingereza, mwalimu akamtaka kila mwanafunzi atafsiri wimbo aupendao. Fundi akafungua kamusi, akaduwaa. Kumbe walifungua ndoa kwa kilio cha aliyeachwa! Alicheka mpaka machozi. Mwezi uliofuata mumewe akahama, na kicheko kikamkauka.

Kulipopambazuka, wifi yake aliingia bila hodi.

"Nimetumwa redio. Kaka anaitaka."

"Hata salamu, wifi, umeisahau njiani?"

"Salamu ya nini? Nuksi umejiletea mwenyewe. Bibi harusi gani anaingia ukumbini na wimbo wa kuachwa?"

"Si wewe uliyetangulia mbele? Ulikatika mpaka kilemba kikaanguka!"

"Sikujua maneno!"

"Wala mimi. Lakini aliyeondoka ni kaka yako, wifi. Wimbo haukumbebea begi."

Wifi akachomoa waya. Tarumbeta zikakatika katikati ya pumzi, na chumba kikawa kimya. Kola nne zilikuwa bado. Binti wa fundi, mtoto wa miaka minne, akatoka ndani akiburuta shuka, akalitazama pengo la redio pale mezani.

"Haya," wifi akasema, redio kwapani. "Tuone utashona na nini."

Fundi akainamia cherehani. Uzi ulikuwa umekatika. Akaupitisha kwenye tundu la sindano. Mara ya kwanza ukakataa, ya pili ukaingia. Akaweka miguu kwenye kanyagio. Ta-ta, tum. Ta-ta, tum. Kisha akafungua kinywa, akaimba maneno ya daftari lake la jioni:

"Umeondoka, mlango umeniachia,
niufunge mwenyewe. Haya, naufunga!"

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye wimbo. Alilitia yeye.

Akageuza kona; mshono ukanyooka kama rula. Akaimba tena, safari hii kwa sauti ya kumfikia jirani wa tatu. Kola ya kwanza kati ya zile nne ikaanguka kapuni. Akachukua ya pili bila kuinua kichwa, cherehani ikapiga makofi yake, naye akatia tarumbeta kwa midomo.

Wifi alikuwa bado kizingitini, uso kaukunja kama aliyeng'ata ndimu. Hatoki, harudi. Mtoto akamtazama usoni, kisha akateremsha macho polepole mpaka miguuni.

"Mama, shangazi naye anacheza."